Basi linalorudi tupu

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa michezo, na kazi yangu siku hiyo ya safari ya mashindano ya shule ilikuwa moja: mtoto asitoke nje ya geti. Saa 12 asubuhi tulikuwa tumeshafika ofisi za halmashauri. Watoto 38, kila mmoja na godoro lake lililoviringishwa na kufungwa kamba ya katani, ndoo, sahani ya plastiki na begi. Basi la kukodi lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, dereva kalala viti vya nyuma, miguu kaitoa dirishani. Tulikuwa tunasubiri hela ya mafuta.

Saa 4 tukaambiwa mfumo unasumbua. Saa 6 mweka hazina alikuwa kikaoni. Saa 8 nikanunua mihogo ya kukaanga kwa hela yangu, watoto wakagawana vipande viwili viwili. Tuliondoka saa 11 jioni, na kwa kuwa tusingefika kabla ya usiku wa manane, tukalala njiani kwenye nyumba ya wageni, vyumba 13, watoto watatu kitanda kimoja. Hela ya kulala haikuwamo kwenye bajeti. Ilichotwa kwenye fungu la chakula. Siku mbili za mwisho za mashindano watoto walikula ugali na maharage mchana na usiku, na ile nyama tuliyowaahidi wakaiona kwenye sahani za wenzao wa wilaya jirani.

Msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya taifa ya shule za msingi, na UMISSETA, ya sekondari, ukikaribia huwa nausikia wimbo uleule wa kubana matumizi, na kila mara kinachobanwa ni sahani ya mtoto au nafasi yake kwenye basi. Timu ya wavu inaachwa. Wachezaji wa akiba wanapunguzwa. Watoto wenye mahitaji maalum wanaambiwa wasubiri mwakani. Nimepiga hesabu hizi mara nyingi, na sijawahi kuona hela ya maana ikipatikana huko. Hela iko kwenye zile saa 11 chini ya mwembe, na kwenye kilomita ambazo basi linatembea bila mtu.

Tuanze na kilomita, maana hizo zinahesabika.

Mashindano ya shule za msingi na ya sekondari huchezwa Juni, shule zikiwa likizo, na miaka ya karibuni yamekuwa yakifanyika kituo kimoja, moja likifuata jingine. Wadogo wakimaliza, wakubwa wanaingia. Ndivyo ilivyokuwa Mtwara 2019 na 2021, Tabora kuanzia 2022, kisha Iringa 2025. Sasa chukua msafara wa Mwanza unaokwenda Iringa kwa barabara ya Shinyanga, Singida na Dodoma, takriban kilomita 950. Basi linawapeleka watoto wa msingi, linarudi Mwanza tupu. Wakikaribia kumaliza linaitwa, linakwenda tupu, linarudi nao. Halafu safari ya sekondari inaanza upya kwa mtindo huohuo, mara nyingi kwa mkataba mwingine na tajiri mwingine wa mabasi. Jumla safari 8. Nne zimebeba watoto, nne zimebeba upepo.

Lakini siku ambayo wa msingi wanafungasha magodoro ni jirani kabisa na siku ambayo wa sekondari wanafungua ya kwao. Basi lililoleta wakubwa lirudi na wadogo. Safari zinashuka kutoka 8 hadi 6, na kila basi limeokoa kilomita 1,900. Kwa basi linalotembea kilomita 3 kwa lita, hizo ni zaidi ya lita 630 za dizeli. Ukiiweka lita kwa Sh 2,800, ni zaidi ya Sh milioni 1.7 kwa basi moja, na msafara wa mkoa, wenye watu mia na kitu, hauenei basi moja. Wanaotakiwa kufanikisha hilo ni maofisa wawili, wa elimu msingi na wa sekondari, ambao milango yao aghalabu inatazamana. Wakae meza moja mwezi Machi, wasaini mkataba mmoja, basi. Mkoa unaofanya hivyo tayari nauvulia kofia. Niliyoyaona mimi ni mabasi mawili ya mkoa mmoja kupishana Singida, moja likienda tupu na jingine likirudi tupu, madereva wakipigiana honi.

Wenye mabasi nao si wajinga. Ukienda kukodi siku tatu kabla ya safari, katika wiki ambayo mikoa 26 ya Bara inatafuta mabasi kwa pamoja, bei anapanga yeye. Halafu kuna jambo ambalo huwezi kulikuta kwenye nyaraka yoyote. Halmashauri nyingi zina sifa ya kulipa kwa kuchelewa, malipo ya Juni kuyaona Septemba. Mwenye basi analijua hilo, kwa hiyo bei anayokutajia ina miezi mitatu ya kusubiri ndani yake. Jirani yake anayekodi basi hilohilo kwenda harusini, na kulipa nusu taslimu siku anayoweka oda, anatajiwa bei nyingine. Nimewahi kuwapo ofisini kwa tajiri mmoja wakati simu mbili zinapigwa kwa kufuatana, ya harusi na ya mkoa. Njia ileile, siku zilezile. Sitaitaja tofauti, lakini baada ya kuweka simu chini alinitazama akacheka, akasema, “Mwalimu, nyie mnanunua kwa mkopo halafu mnalia bei.”

Kwa hiyo kuchelewa kuna bei mbili: ya kukodi wakati wa msongamano, na ya kutoaminika. Zote mbili zinaondoka kwa dawa moja, ambayo ni fungu la safari kutoka mapema. Nitaambiwa fedha za serikali zina utaratibu, mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na Mei kila kasma imekauka. Kweli. Ila Juni si mgeni. Inakuja kila mwaka baada ya Mei, na mashindano yanachezwa ndani yake. Fungu linaloombwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha ni fungu ambalo mtu aliamua kutoliomba Januari.

Na tusidhani shule yenyewe inaweza kuziba pengo. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na Sh 25,000 kwa wa sekondari, na humohumo kuna chaki, mitihani, vitabu na ukarabati. Zamani kila mwanafunzi alichangia michezo. Elimu bila ada ilipoanza 2016 mlango huo ukafungwa, na sehemu nyingi hakuna kilichowekwa mahali pake.

Ipo njia ambayo walimu wengi hawaipendi: kukata tiketi kama abiria wengine. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ilitangaza nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa Sh 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Kwa kiwango hicho Mwanza hadi Iringa ni kama Sh 46,000, kwenda na kurudi Sh 92,000. Unalipia kilomita ulizokaa kwenye kiti. Basi likirudi tupu, hiyo ni shida ya mwenye basi. Kwa wanariadha 12 na walimu wao wawili, kukodi Coaster ikakae wiki nzima kambini inasubiri, na dereva wake analipwa posho kila siku, ni kuchoma hela. Timu nzima ya mkoa nayo inaweza kugawanywa kwenye mabasi mawili matatu ya njia hiyo, viti vimekatwa mwezi mmoja kabla, kila basi na mwalimu wa kike na wa kiume.

Hofu ya walimu naielewa. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, saa 11 alfajiri si mahali pa kuhesabu watoto wenye magodoro. Wapigadebe, bodaboda, muuza karanga, na mtoto wa kutoka kijijini ambaye hajawahi kuona mabasi mengi kiasi hicho katulia anasoma maandishi ya kila basi. Lakini anayekata viti 30 kwa mpigo ana sauti. Anaweza kuomba basi lipitie shuleni kabla ya kuingia stendi, au wapandie kwenye ofisi ya kampuni. Anayekata kiti kimoja hawezi.

Reli tunaisahau kabisa, na sijui kwa nini. Mashindano yalipokuwa Tabora, mji ambao treni za Mwanza, Kigoma, Mpanda na Dar es Salaam zote zinakutana, ilikuwa haki kila mkoa wa njia hizo uulizie nafasi kwenye treni kabla ya kuulizia basi. Treni ya zamani ni ya polepole, na kuna siku inachelewa hadi unasahau ulikuwa unakwenda wapi, ila ina choo, ina nafasi ya kunyoosha miguu, na godoro halilipiwi kama mzigo wa biashara iwapo mmekubaliana mapema. Kwa timu za Dar es Salaam zinazokwenda kucheza Dodoma, treni ya umeme iliyoanza kufika huko katikati ya 2024 ilianza na nauli ya Sh 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, Sh 15,500. Watoto wa darasa la tano na la sita wengi wanaangukia hapo. Nusu nauli ina faida ya pembeni pia: lazima mwalimu abebe vyeti vya kuzaliwa, na vyeti vikishatolewa mezani vijeba wanajitaja wenyewe. Kipa mwenye ndevu hapiti dirishani kwa Sh 15,500.

Kuhusu mahali pa kuchezea, anayeamua si mkoa, na hapo ndipo fedha nyingi kuliko zote zinapookolewa au kumwagwa. Ukiitazama ramani kwa macho ya mtu anayenunua mafuta, Tabora, Dodoma na Singida ziko katikati, Mtwara iko kona. Kutoka Bukoba hadi Mtwara kupitia Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000. Ni siku mbili barabarani, tena za kukimbizana. Pamoja na hayo sitaki kusema mashindano yasirudi Mtwara. Mtoto wa Karagwe aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya mkoa wake amepata kitu ambacho hakimo kwenye jedwali langu, na mtoto wa Newala naye ana haki ya kucheza mashindano ya taifa karibu na kwao mara moja katika maisha yake ya shule. Ninachoomba ni vituo vya miaka mitatu mbele vitajwe kwa pamoja. Mkoa ukijua leo kwamba mwaka kesho kutwa unakwenda kona, utaanza kuweka akiba leo. Ukijua mwezi mmoja kabla, utaanza kupunguza watoto.

Sasa tufike mahali penye miiba. Msafara wa mamba hata kenge wamo.

Viwango vya posho ya safari za ndani kwa watumishi wa umma vilivyoanza Julai 2022 ni Sh 100,000 kwa siku kwa ngazi ya chini na Sh 250,000 kwa ngazi ya juu. Chukua ngazi ya chini kabisa. Mtu mmoja, siku 10, Sh milioni 1. Kwa nauli ya Mwanza na Iringa tuliyoipigia hesabu, hiyo ni nauli ya watoto 10 kwenda na kurudi, na chenji inabaki. Ngazi ya juu, siku nne tu, umefika palepale. Sisemi kiongozi asiende. Sisemi mwalimu anayelala bweni moja na watoto, anayeamka saa 9 usiku kumpeleka mmoja zahanati kwa sababu ya homa, alipwe pungufu. Huyo mara nyingi ndiye asiyelipwa kiwango hicho, anapewa kitu kinachoitwa posho ya kambi na kutakiwa ashukuru. Nasema tuusome ule mstari wa orodha unaoanza na “viongozi wengine” na kuuliza kila jina lina kazi gani kambini. Nilishakuta orodha yenye waratibu watatu wa kitu kimoja, na netiboli imeambiwa ije na wachezaji 9 badala ya 12. Wale watatu walioachwa nyumbani walikuwa wanatosha kwenye posho ya mratibu wa tatu, tena kwa siku chache tu.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye kanda: mikoa jirani ichuane kwanza, bora wachache ndio wavuke nchi. Mtindo huo tulishakuwa nao sekondari, na kwa makaratasi unapendeza, kwa sababu idadi ya wasafiri wa mbali inashuka sana. Mimi naukubali nusu. Kwa michezo ya timu, soka na wenzake, una mantiki; timu 26 kituo kimoja ni mchujo mrefu ambao sehemu yake ingeweza kuchezwa Shinyanga au Songea. Kwa riadha, au kwa mtoto asiyeona anayecheza goalball, kanda ni njia ya adabu ya kumwambia asisafiri. Huyo hana ligi nyingine ya kuonekana. Halafu tusijidanganye kwamba kanda ni bure. Unafuta safari moja ndefu kwa wengi na kuongeza safari moja fupi kwa wote, na kila safari fupi nayo ina waratibu wake.

Malazi ya njiani ni jambo dogo lenye jibu jepesi, hata linaudhi. Juni shule za bweni za sekondari zina mabweni yanayolala vumbi, kwa sababu waliobaki ni wa madarasa ya mitihani tu. Msafara wa Kagera unaopita Singida au Dodoma hauhitaji nyumba ya wageni. Unahitaji barua ya ofisa elimu kwa mwenzake wa mkoa ule, iliyoandikwa wiki mbili kabla, na gunia la mchele la kumwachia mpishi wa shule. Magodoro watoto wanayo. Sahani wanazo. Tukio lile la watoto watatu kitanda kimoja lilitugharimu vyumba 13, na shule ya bweni ilikuwa ng'ambo ya barabara, taa za mlinzi zinaonekana.

Mahali pasipoguswa ni dereva. Tangu mwishoni mwa 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha, na tayari nimesikia hoja kwamba safari ya usiku inaokoa hela ya kulala. Inaokoa kweli. Watu wazima na wasafiri hivyo wakipenda, lakini basi la watoto lilale. Safari ikizidi mwendo wa saa 8 dereva wa pili si hiari, na si kondakta anayejua kushika usukani. Mei 6, 2017 basi dogo la shule lilitumbukia korongoni Karatu, likaua watu zaidi ya 30, karibu wote wanafunzi wa darasa la saba. Hawakuwa wakienda kucheza, walikuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Kila mwalimu niliyefanya naye kazi baada ya hapo, akishika kalamu kusaini orodha ya watoto wa safari, mkono wake unakuwa mzito kidogo.

Kuvuka mpaka ndiko kunakoonyesha uchi wa kuchelewa. Mabingwa wa sekondari huendelea na michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSA, ambayo 2023 ilikuwa Huye nchini Rwanda, 2024 Mbale nchini Uganda, 2025 Kakamega nchini Kenya. Huko kote kunafikika kwa basi, na mchezaji hahitaji pasipoti ya Sh 150,000. Hati ya dharura ya safari ya Sh 20,000 inamtosha. Kwa timu ya watu 16 tofauti hiyo ni zaidi ya Sh milioni 2. Ila hati hiyo nayo inataka cheti cha kuzaliwa, barua ya mzazi na siku za kuifuatilia. Orodha ya mwisho ikitoka wiki ya kuondoka, mtoto wa mjini mwenye cheti kabatini anakwenda. Wa kijijini, ambaye kadi yake ya kliniki iliungua na nyumba, anaanza kuhangaika na ofisi ya wilaya.

Nilikuwa na mchezaji wa hivyo, mfungaji wetu wa netiboli. Tulimhesabu, tukamkatia kiti, tukampimia trakisuti. Baba yake alipanda lori la mkaa kufuata cheti, akalala wilayani siku mbili. Cheti kilitoka Jumatano. Basi lilikuwa limeondoka Jumatatu na kiti namba 17, kimelipiwa kwenda na kurudi, tukakiwekea ndoo za timu.